Nilivyofunga Majilio Ukweni Kendu Bay

Hii hadithi naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Sylvester, maana Sylvester akiisimulia anatia chumvi mpaka inaonekana mimi nilitoroka na kuku mzima, na ukweli ni kwamba sikutoroka na wala sikuwa na kuku mzima, nilikuwa na vipande tu, tena mfukoni, tena vingine nilipewa kwa heshima. Aibu yenyewe inatosha bila kuongezwa. Mpaka leo tukipita Kendu Bay kwa gari najifanya kuna kitu kimeniangukia chini ya kiti, nainama kukitafuta mpaka mji uishe.

Mnanijua. Mimi ni Cosmas, Baba Beryl, nauza magodoro hapa Migori, na kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisa mimi ni makamu mwenyekiti (mwenyekiti ni Sylvester, tulipigiwa kura akanishinda, tuyaache hayo). Sasa Majilio ya mwaka ule yalipoanza, padri akatuambia tusijiandae kwa Krismasi kwa kupaka nyumba rangi na kununulia watoto viatu tu, tuandae moyo. Akasema kila mtu atafute kitu kimoja kinachomtenga na Mungu na jirani, akiweke kando kimya kimya mpaka Mtoto azaliwe. Nilikaa pale kwenye benchi nikajipekua moyoni kwa bidii, na kusema kweli sikuona kitu. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini sikushtuka, niliridhika. Na kwa kuwa moyoni hapakuwa na kazi, nikashuka kidogo nikaona nishughulike na tumbo.

Wiki hiyohiyo jumuiya ikakutana kwa Sylvester, kila mtu aseme amechagua nini. Mama mmoja akasema ataanza kumsalimia jirani ambaye wamenuniana tangu mambo ya mpaka wa shamba, watu wakaitikia vizuri. Sylvester akasema yeye Jumatano na Ijumaa hatakula mpaka jioni. Watu wakaitikia vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nimekuja na wazo la kuacha soda, nawaapia, soda tu, lakini niliposikia ule mwitikio aliopata Sylvester nikajikuta nimesimama na kusema nitafunga kila siku mpaka jua lizame, Majilio yote. Wale akina mama wakatoa ile "mmmh" ya kutoka kifuani, na mimi nikaisikia ikiniteremka mwilini kama chai ya moto.

Sylvester akaniangalia. "Hata Jumapili?"

Nikamwambia, "Hata Jumapili."

Maneno mawili tu. Nyumbani nilipomweleza mke wangu hakusema mmmh, aliuliza, "Na Kendu je?"

Kendu nilikuwa nimeisahau kabisa. Kaka yangu mkubwa alifariki akaniachia mtoto wake Felix, nikamlea na wangu, na Felix alikuwa amempata msichana wa Kendu Bay anayeitwa Velma, walijuana wakisoma chuo Homa Bay, na Jumapili ya tatu ya Majilio ndiyo siku tuliyopangiwa kwenda kwao kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Mimi ndiye baba, mimi ndiye kiongozi wa wageni. Na hao watu wa Velma si wa kuchezea. Kabla yetu walikuja wageni wa kijana mwingine, mmoja wao akafika amelewa, na wote wakarudishwa kwao kabla hawajafika sebuleni.

Sasa kama wewe si wa huku kwetu, elewa jambo moja. Ukienda kuoa, chakula cha wakwe si chakula, ni kesi, na wewe ndiye mshtakiwa. Ukiletewa usipokula, hakuna atakayefikiri umeshiba. Watafikiri unawaogopa, kwamba umewashuku wametia kitu, kwamba unawaona ni watu wabaya wa usiku, na ukishawaona hivyo unataka binti yao wa nini? Na kuku akiletwa kwa wageni huja na viungo vyake vyote, mpaka firigisi, na hiyo firigisi ambayo kwenye kila boma hapa ni ya mwenye nyumba, siku hiyo anapewa kiongozi wa wageni. Kunyimwa ni matusi. Kuikataa ndiyo matusi makubwa zaidi.

"Baba Beryl," mke wangu akaniambia, "wewe kula chakula ya watu. Utafunga kesho."

Ushauri mzuri, wa bure, na ningeufuata kama Sylvester asingekuwa kwenye msafara. Lakini alikuwepo, tena Felix mwenyewe alimwomba, kwa sababu ana ulimi wa kubembeleza wakwe. Basi nikawa nimebanwa. Nikila, Sylvester ananiona, na Jumanne tukikutana jumuiya nzima inajua. Nisipokula, Felix anakosa mke. Mtu mwenye akili angeona hapo ni wapi pazito. Mimi nikatoa kabatini koti langu kubwa la harusi, lenye mifuko inayoingia mkono mpaka kwenye kiwiko, nikaweka vitambaa viwili mfuko wa kulia na rozari juu yake, nikajiona nimepanga vizuri kuliko wote.

Jumapili ikafika, tukaanza na misa ya asubuhi. Padri amevaa ile kanzu ya rangi ya waridi ya Jumapili ya Furaha, kanisa limechangamka, lakini matangazo ya mwisho sikuyasikia, nilikuwa nje napanga godoro la zawadi juu ya Probox na kuvuta kamba. Tukaondoka. Tulipofika Homa Bay wenzangu wakasema tutie kitu tumboni kwanza, wakaingia pale wanapokaanga samaki wa ngege wakiwa wabichi kutoka ziwani, na mimi nikabaki garini na rozari. Nilishusha kioo. Kioo chenyewe kilikuwa upande wao, na kama harufu ya samaki iliniingia ni mimi niliyeifungulia. Felix alitoka akaniletea maji, nikayakataa kwa mkono, taratibu, vile watakatifu wanavyokataa kwenye picha. Maji hayakuwa hata kwenye nadhiri yangu.

Baba yake Velma ni Mzee Naftali, bwana afya mstaafu, mtu aliyekagua vyoo na mabucha ya eneo lile miaka yote ya kazi yake na hajastaafu rohoni. Alitupokea vizuri, akapokea godoro, kisha maji ya kunawa yalipoletwa akasimama mwenyewe kando ya beseni akitutazama vidole. "Jaduong', hapo katikati ya vidole bado," akaniambia, mimi mzee mzima na kiongozi wa wageni, nikarudia kusugua. Sebule yake ilikuwa na sakafu nyekundu iliyopigwa rangi ikang'aa hata unaona miguu ya viti imesimama mara mbili. Felix alikaa karibu na mlango, kama bwana harusi anavyotakiwa, mikono katikati ya magoti, haongei. Anayepakua alikuwa shangazi yake Velma, Mama Rispa, mama mwenye macho ambayo hayapumziki.

Chakula kikaja. Sitakieleza, nitaumia tena. Mimi nilichagua kiti cha kona, koti limefunguka kiasi, na Sylvester akaja akakaa hapohapo kando yangu. Nikasema moyoni, sawa, ataona. Na jambo la kwanza nililoona mimi ni Sylvester akimega ugali na kuuchovya kwenye mchuzi, anakula kwa raha zake zote.

"Leo Jumapili, omera," akaninong'oneza kama ndugu alipoona namtazama.

Jamani, nilifurahi. Badala ya kujiuliza kwa nini mtu mzima hana wasiwasi, nikahesabu kwamba nimemshinda, na hapo ndipo hata ile nafasi ndogo ya kula kidogo kwa adabu nikaifunga. Nikaanza kazi. Nachukua kipande cha kuku, napeleka mdomoni, natafuna hewa, mkono unashuka kama wa mtu anayejikuna, kipande kinaingia kwenye kitambaa. Nautengeneza ugali uwe tonge, tonge linafuata. Nilifanya kwa ustadi mpaka nikaanza kujipenda. Sahani ikaisha safi.

Lakini jambo moja sikuwa nimelifikiria: sahani ikiisha safi kwa wakwe, maana yake umependa. Mama Rispa akaiona kutoka upande ule mwingine wa sebule, uso ukamtanuka. "Huyu baba anakula vizuri," akasema, akanijazia tena. Kadiri nilivyojifanya nakula ndivyo nilivyosifiwa, na kadiri nilivyosifiwa ndivyo nilivyoongezwa, wakati wenzangu waliokula kwelikweli wanaachwa wapumzike. Mfuko wa kulia ukajaa. Nikahamia wa kushoto, ambao haukuwa na kitambaa, na mchuzi ukaanza kupita kwenye bitana ukinitafuta paja. Kisha Mama Rispa akaja na kisahani kidogo peke yake, akapiga goti kidogo, akaniwekea firigisi kwa mkono wake, na wazee wote wakageuka kuangalia.

Nilimshukuru kwa "erokamano", nikaipeleka mdomoni, nikaibana shavuni huku nikitikisa kichwa kwa utamu (ilikuwa tamu, hilo sikuigiza), na walipogeukia maongezi nikaitema kiganjani, nikaisindilia mfuko wa kulia japo umejaa, kwa sababu kulia ndiko kwenye heshima.

Mzee Naftali akafuta mikono, akasema kabla ya kuingia kwenye mambo ya ng'ombe, kiongozi wa wageni atushukurie chakula kwa sala. Sala fupi ingetosha, mtu anasimama, anafumba macho, anamaliza. Lakini mimi nikaona hawa watu ni Wasabato, hawanijui, wacha wajue Felix anatoka kwa watu wa sala. Nikatia mkono mfukoni kutoa rozari.

"Baba, tunakushukuru kwa chakula hiki tulichokula," nikaanza, na kuvuta. Rozari ikakataa. Msalaba wake ulikuwa umejishika kwenye kitambaa. Nikavuta kidogo tena, macho nimefumba, "na tukashiba," nikavuta kwa nguvu, na kitambaa kikatoka chote pamoja na mali yake. Nilisikia paja la kuku likidondoka kwenye sakafu, kisha matonge, moja moja, taratibu. Nikafumbua macho. Firigisi ilikuwa bado inabingirika kwenye ile sakafu nyekundu, ikaenda ikasimama mbele ya kiatu cha Mzee Naftali.

Hakuna aliyesema amina.

Mama Rispa ndiye aliyeinama, akaiangalia bila kuigusa. "Hii nimekupatia na mkono yangu," akasema, sauti chini. "Nimeona ukiweka kwa mdomo. Sasa ilikuwa inaenda wapi? Kuna mtu Migori anangojea firigisi ya kwetu?"

Kila mtu pale alijua mtu gani. Mtu wa namna hiyo hakai dukani, anakaa kwenye kibanda chenye kitambaa chekundu mlangoni, na anayempelekea kipande cha chakula cha nyumba fulani hapeleki kwa wema. Kwa hiyo sasa sikuwa tu mgeni anayewashuku wenyeji uchawi, nilikuwa mgeni aliyekuja kuwaroga. Mzee mmoja wa upande wao akachukua kofia yake akaivaa. Na mimi nikamwangalia Felix. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu alivyopiga rangi mwenyewe asubuhi ile, na nikamkumbuka kaka yangu, nikaona aibu ya kweli, si hii ya kuchekwa, ile nyingine inayokaa.

"Wazee, mimi nimefunga," nikasema. "Ni Majilio."

"Majilio ni nini?" Mzee Naftali akauliza.

Sasa jaribu wewe kueleza Majilio ukiwa umesimama na mifuko inachuruzika. Nikasema ni majuma ya kuandaa moyo kumpokea Mtoto Yesu. Mzee akatazama sakafu yake, akatazama koti langu, akasema kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kuandika ripoti, "Moyo. Na hii yote ni ya moyo?"

Nikamgeukia Sylvester, sikuwa na mwingine. Akasimama, akajifuta midomo, na lazima niseme ukweli, aliniokoa, ila namna aliyoniokoa nayo ningependelea kidogo kufungwa jela.

"Wazee wangu, huyu hana mganga, hata hizo njia hajui," akasema. "Huyu tulikuwa kwa jumuiya, mimi nikasema nitafunga Jumatano na Ijumaa, yeye akasimama akasema yeye ni kila siku. Nikamuuliza hata Jumapili, akasema hata Jumapili. Na Jumapili kwetu hakuna kufunga. Leo padri ametangaza tena, anayefunga leo apumzike, ni siku ya furaha, lakini huyu alikuwa nje na godoro. Tangu Homa Bay namwona ananiangalia kama nimeiba kitu."

Kicheko kilianzia jikoni. Walikuwa wanasikiliza kule, nafikiri hata Velma alikuwepo, maana kimoja kilikuwa chembamba na kikakatwa ghafla, kisha sebule nayo ikaachilia, hata yule mzee wa kofia akaivua. Mzee Naftali peke yake hakucheka. Alininyooshea kidole, akakihamisha kwa Sylvester, akakirudisha.

"Jaduong', ulikuwa unafungia Mungu, ama ulikuwa unafungia huyu?"

Ukaguzi alikuwa ameshaumaliza.

Basi akatoa hukumu. Akasema yeye anaamini maneno ya Sylvester, lakini dada yake bado ana uchungu, na dawa ya uchungu wake ni moja, kiongozi wa wageni akae, aletewe upya, ale, na watu wamwone akimeza. Firigisi ya chini nikaiokota haraka niioshe nile, akanipiga kofi mkononi. "Hiyo hapana. Hiyo imeingia vijidudu." Walikuwa wamechinja kuku kadhaa, ikaletwa nyingine. Nikanawa tena, mpaka katikati ya vidole. Mama Rispa akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yakikaribia yangu, wale wa jikoni wakajaa mlangoni, na mimi nikala. Nilikula firigisi, nikala kuku, nikala ugali wa kutosha vibarua wa mjengo, nikaletewa na samaki ambaye sikumwomba, na kila nikimeza Mama Rispa anaangalia koo langu mpaka kitu kimepita. Karibu majuma mawili nilikuwa nimetamani chakula cha mchana, nikakipata chote kwa siku moja, na sikusikia ladha yake.

Nilipomaliza Mama Rispa akasimama, akachukua sahani, akasema, "Sasa ongeeni ng'ombe." Wakaongea. Kwa upande wetu aliongea Sylvester, mimi nilikuwa siwezi kupumua vizuri, na mambo yakaenda sawa, Felix akapata mke wake.

Velma sasa ni binti yetu. Nikifika kwao, kabla sijakaa ananiambia, "Baba, lete koti nikuwekee," na analipokea kwa heshima zote, anapiga goti, lakini mkono wake lazima upitie mifukoni kwanza.

Jioni ile tukirudi tulisimama karibu na Homa Bay, nikashuka kutafuta hewa, Felix akashuka nyuma yangu. Nilifikiri atacheka, wenzake garini walikuwa wanacheka bado. Akanishikia koti, likinuka mchuzi, akasema, "Baba mdogo, mimi leo yote nilikuwa naomba tu wakupende. Nilikuwa nawaambia hawa watu, ngojeni mtaona baba yangu." Nikamwambia pole, akasema imeisha, na najua kwake iliisha. Kwangu mimi ndipo nilipokiona kile kitu padri alituambia tukitafute, nilichokosa siku ile kwenye benchi, na hakikuwa tumboni hata kidogo. Nilikuwa tayari kumkosesha mtoto wa kaka yangu mke ili Sylvester asinione nikila.

Basi nimeapa. Majilio yanayokuja tukikutana, watu wakianza kusema watafanya nini, mimi nitaomba kupitisha chai. Na Sylvester nitamwita mwenyekiti, mbele ya watu, bila kukohoa kwanza.

Kabla ya Krismasi nilienda kuungama. Nikamweleza padri yote, kuanzia mmmh ya wale akina mama mpaka Mama Rispa na koo langu, na kule ndani nikasikia kiti chake kinatikisika. Alipopata sauti akanipa malipizi mawili. La kwanza, mpaka Krismasi nile chakula cha mchana kila siku. La pili, habari yote hii nimwachie Mungu, nisiisimulie kwa mtu yeyote. La kwanza nililitimiza vizuri, hata nikanenepa. Hilo la pili, mnaona wenyewe.